Niliwafukia Keremkerem Ili Nimkomoe Marwa

Nina umri wa miaka sitini na nane, mkazi wa Nyarero, Tarime. Nimesoma hadi kidato cha nne, nina mke na wajukuu. Hasira niliyonayo nilidhani itaisha nikizeeka. Haijaisha! Lakini ubaya nilioufanya mimi mwenyewe siwezi kumsingizia mtu, ndiyo maana nawaandikia.

Kwa miaka mingi nilikuwa dereva wa watalii huko Serengeti. Mgeni mmoja, akiondoka, aliniachia kamera yenye lenzi ndefu. Wengine walihangaika na simba. Mimi nilipenda ndege wa rangi rangi, na zaidi macho yao. Kuna ndege mla nyuki anayeitwa keremkerem, paji jeupe, koo jekundu, mgongo wa kijani. Ukiwa mbali, jicho lake ni jeusi tu. Ukisogea karibu kabisa unakuta ni la hudhurungi, linang'aa kama chai ya rangi kwenye glasi.

Nilipostaafu nilikuta kundi lao limetoboa mashimo ya kutagia kwenye ukingo wa mto, si mbali na nyumbani. Kila asubuhi nilisogea hatua moja, nikapiga magoti kwenye tope mpaka wakanizoea. Siku ya kumi na tisa mmoja alitua mbele yangu, akanitazama... Nikampiga picha moja ambayo sijawahi kupata nyingine kama hiyo.

Aliyekuwa akinisindikiza ni Marwa. Tulitahiriwa siku moja, ndiyo maana tuliitana saro; damu yetu ilimwagika kwenye udongo mmoja. Kamera yangu hakuwahi kuigusa. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma yangu, kunyoosha miguu na kunitania, "Mwita, mke wako hujamtazama hivyo hata siku ya harusi!"

Kisha nyonga ikaniangusha, nikalazwa wiki tatu. Nilimpa Marwa kadi ya kamera akanisafishie picha ile mjini, niitundike sebuleni. Kumbe aliipeleka kwenye maonyesho ya picha za ndege Mugumu! Ikashinda. Niliporudi nyumbani nikiwa na fimbo, niliikuta ukutani kwenye ofisi ya kijiji, kubwa kama mlango. Chini yake limeandikwa jina la Marwa.

Nilimfuata kwake. Unajua alinijibu nini?

"Jicho la ndege halijaandikwa jina la mtu, saro. Na wewe ulikuwa unakufa, ningeiacha ioze?" Akacheka! Akaniongezea kwamba wiki ijayo wageni wa yale maonyesho watakuja mtoni, naye ndiye atakayewaongoza.

Wasomaji, ushahidi nilikuwa nao. Ukiikuza picha ile, ndani ya kitone cheusi cha jicho anaonekana mtu mdogo amepiga magoti, na kofia yangu ya pama kichwani. Nyuma yake mwingine ameketi, miguu mbele. Ndiye Marwa! Mke wangu, Bhoke, aliniambia, "Baba Rhobi, kawaonyeshe wazee hilo jicho. Usingoje."

Nikakataa. Nimekua nikiambiwa kwamba mtu uliyetahiriwa naye humpeleki mbele za watu. Basi nikaona ni afadhali nimwumize kimya kimya kuliko kumshtaki. Ujinga gani huu? Niliogopa kuvunja mila kwa mdomo, nikaenda kuvunja kila kitu kwa mikono.

Siku mbili kabla ya wageni, mchana, nilibeba tope kwa ndoo ili Marwa akose cha kuwaonyesha. Kwa hesabu zangu za miaka iliyopita, vifaranga walikuwa wamekwisha kuruka. Sikukumbuka kwamba safari hii mvua zilichelewa, nao wakachelewa kutaga. Sikutega hata sikio! Niliziba shimo la kwanza, la pili, mpaka la mwisho, nikapiga tope kwa kiganja likawa laini. Na nilifurahi, sitawaficha. Kila shimo niliona uso wa Marwa ukisawijika.

Nilitaka kuupata uso huo karibu kabisa, kama nilivyozoea kuyapata macho ya ndege. Siku yenyewe nikajificha kichakani na kamera.

Wageni sita walikuja. Marwa alikuwa mbele, amevaa koti. Akafika, akasimama ghafla. Ndege wazazi walikuwa wakirudi na kerengende mdomoni, wanajigonga kwenye ukuta wa tope, wanashika, wanaanguka, wanarudi tena... Siku mbili nzima! Marwa akatupa koti, akaanza kuchimba kwa kucha. Akatoa kifaranga. Amekufa. Akatoa mwingine, kisha watatu kwa pamoja. Manyoya ya kijani yalikuwa yameanza kuchipua.

Nilikuwa nimeulenga uso wake. Ulikuwa umelowa machozi. Kidole changu kikabonyeza chenyewe, kamera ikalia kacha!

"Mwita," akasema, akigeukia miguu yangu iliyochomoza kichakani. "Toka huko. Tope lipo bado kwenye viatu vyako."

Nikatoka nikipiga kelele kama kichaa. "Picha ni yangu! Mwizi huyu! Tazameni ndani ya jicho, mimi nimo!"

Mama mmoja mgeni, mdogo kwangu kwa umri, alikuwa amemshika kifaranga mkononi. Akanitazama kwa upole ulionichoma kuliko tusi. "Shikamoo, mzee," akasema. "Hata kama ni yako..." Akaninyooshea kifaranga yule.

Hakuna aliyekwenda kuitazama picha. Hadi leo jina la Marwa lipo pale chini, na mimi ndiye niliyemwandikia kwa tope langu. Wazee walinitoza faini, nikalipa. Keremkerem walihama. Marwa tunapishana njiani kama watu wa makabila mawili. Sijamsamehe! Nikimwona kifua kinachemka. Ila kudai haki yangu siwezi tena, kwa sababu nikifungua mdomo tu, watu wanatazama mikono yangu.

Wewe unayesoma, umedhulumiwa? Nenda leo, mchana, mbele za watu, useme. Mtaje hata kama mlitahiriwa pamoja, hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Sema ungali na mikono safi. Mimi nilikuwa na wiki nzima ya kusema, nikaitumia kukoroga tope.