Soma Pindo Kwanza

Anti Konadu anauza vitenge sokoni Kejetia, mjini Kumasi. Duka lake ni dogo, lakini mdomo wake ni mkubwa. Mteja akinunua kitenge bila kukikagua, lazima akaripiwe.

"Wewe! Umeona ua tu, umeshapenda? Soma pindo kwanza!"

Pindo ni ukingo wa kitambaa. Hapo pameandikwa kitambaa ni cha aina gani na nani amekitengeneza. Konadu hanunui hata jora moja bila kusoma pindo.

Binti yake anaitwa Dufie. Alipokaribia kutimiza miaka kumi, mjomba wake aliyeko ng'ambo alimletea mashine ya gemu. Konadu naye hakutaka kupitwa. Alikwenda kwa muuza diski za mitumba. Akaona boksi lenye picha ya msichana mwenye riboni nyekundu, ameshika keki.

"Hii inamfaa mtoto?" aliuliza.

"Nzuri sana, mama. Watoto wote wanaililia!"

Konadu akalipa. Asubuhi ya siku ya kuzaliwa, Dufie alikula oto yake ya sikukuu, viazi vikuu vilivyopondwa kwa mawese, na mayai mawili. Kisha akafungua zawadi. Aliruka, akamkumbatia mama yake hadi kilemba kikaanguka. Konadu alifurahi mno. Akaiweka mashine chumbani kwa Dufie, akafunga mlango ili mtoto asisumbuliwe, akaenda zake sokoni.

Baada ya wiki mbili, Dufie hakuwa Dufie yule. Alisinzia darasani. Hakutaka kuingia stoo peke yake. Taa ikizimwa, alilia. Hata hivyo, kila akitoka shuleni alikwenda chumbani kucheza.

"Unaipenda gemu yako?" mama alimuuliza.

"Naipenda, Mama," alijibu, macho chini.

Konadu akapandwa na hasira. "Ni hii mashine! Imemroga mwanangu!" Akaifunga ndani ya kitenge pamoja na boksi la gemu, akajitwika, akaenda kwa Serwaa.

Serwaa ni jirani yao. Ana kibanda cha gemu pale kwenye kona. Siku zote Konadu hukiita chuo cha wavivu. Leo aliingia humo mwenyewe.

"Anti Konadu!" Serwaa alicheka. "Umekuja kujiandikisha chuoni?"

"Hebu nyamaza! Chukua huu mzigo. Sitaki hata pesewa moja."

"Ngoja kwanza, Anti. Dufie alikuwa anacheza nini?"

"Gemu ya msichana na keki."

Serwaa alilitazama boksi. Kicheko kikamwisha.

"Anti, mteja akipenda kitenge kwa sababu ya ua tu, huwa unamwambiaje?"

"Asome pindo kwanza. Sasa hilo linahusu nini?"

"Basi nawe soma pindo."

Serwaa alionyesha pembe ya boksi. Palikuwa na mraba mwekundu, na ndani yake namba 18.

"Huo ni umri," alisema. "Gemu hii ni ya watu wa miaka kumi na minane na zaidi. Dufie ana kumi. Mtafutie yenye namba saba. Namba ikikosekana, usinunue mpaka uione ikichezwa."

"Lakini muuzaji alisema ni nzuri!"

"Na wewe vitenge vyako husemi ni vizuri?" Serwaa aliweka diski, akampa pedi ya kuchezea. "Shika. Chakula cha mtoto huonjwa kwanza."

Konadu alibonyeza. Msichana wa riboni akakata keki. Keki ikatoa damu. Taa zikazimika, na kitu chenye meno marefu kikaruka mbele. Konadu alipiga yowe, akatupa pedi, akamkumbatia mteja asiyemjua. Kibanda kizima kikaangua kicheko.

Konadu hakucheka. Machozi yalimlenga.

"Mwanangu alikaa na hiki kitu peke yake," alisema. "Na mlango niliufunga mimi."

Alirudi nyumbani mbio. Dufie alikuwa akifagia ua.

"Mwanangu, kwa nini hukuniambia inatisha?"

Dufie alishika ufagio kwa nguvu. "Uliinunua kwa furaha, Mama. Ningeacha kucheza, ungesema sikupenda zawadi yako."

Konadu alimvuta kifuani. "Kitu kikikutisha, niambie. Hata kama nimekupa mimi. Sitakasirika."

Jioni Serwaa aliwarudishia mashine, na gemu nyingine mkononi. Pembeni palikuwa na namba saba.

"Msiifungie chumbani," alisema. "Ikae barazani, kila mtu aone. Na mkubaliane muda kabla ya kuwasha, si baada."

"Saa moja," alisema Konadu. "Kazi za shule zikiisha."

Gemu hiyo ilichezwa na watu wawili. Walibeba kapu moja la nyanya na kuvuka daraja. Konadu akaenda mbio kama kawaida yake.

"Mama, polepole! Nyanya!"

"Nani alijenga daraja hili bovu?"

Kapu likatumbukia mtoni. Jirani mmoja aliacha kutwanga fufu ya chakula cha usiku, akaja kutoa maoni ambayo hakuombwa. Kapu lilizama mara sita. Mara ya saba likavuka, na ua mzima ukashangilia.

"Mama, saa imeisha," alisema Dufie.

"Daraja moja tu!"

"Tulikubaliana."

Konadu akaweka pedi chini, shingo upande. Wiki hiyohiyo, Dufie alianza tena kulala taa ikiwa imezimwa.

Mwezi uliofuata, mama na binti walikwenda kutafuta gemu ya pili. Muuza diski alikuwa yuleyule. Aliinua boksi lenye picha ya sungura mweupe.

"Hii nzuri sana, mama. Watoto wote..."

Konadu alikuwa ameshanyoosha mkono. Dufie akasimama katikati, mikono kiunoni, akapaza sauti hadi wauza viatu wakageuka.

"Wewe! Umeona sungura tu, umeshapenda? Soma pindo kwanza!"