Mtandao Uko Kilimani

“Begi liwe laini,” alisema Dada Mabegi kwenye simu ya ofisi. “Ndege ni ndogo, sehemu ya mizigo ni kama uvungu wa kitanda. Begi gumu halikunjiki.”

“Na nguo?” aliuliza mgeni, mwanamke mwenye sauti ya haraka.

“Rangi ya udongo, au ya majani makavu. Nyeusi na buluu iliyokolea acha nyumbani. Mbung'o wanazifuata, na wanauma mpaka juu ya nguo. Sweta usisahau, asubuhi kule ni baridi.”

“Nitampigiaje mume wangu?”

“Kambini hakuna mtandao. Mpigie ukishatua, pale pale uwanjani.”

Aliyasema yote akiwa ndani ya gauni jeusi, macho yakiwa ukutani. Tangu afiwe na mumewe, aliyekuwa mpishi wa kambi hiyo hiyo ya watalii, maneno yalimtoka yenyewe, kama maji ya bomba lililosahauliwa wazi. Wageni walimsifu kwa utulivu wake, na jina la Dada Mabegi wao ndio waliompa. Kambini kwenyewe hakuwahi kufika. Njia aliijua kwa karatasi ya ofisi tu.

Simu yake ya mkononi ikatetemeka mezani. Ujumbe wa Kobe, dereva wa kambi, aliyekuwa akiandika kila alipotoka kambini.

“Shemeji, habari za wageni wa kesho nimezipata. Nikikuuliza jambo lisilo la wageni, utanijibu?”

Akaandika: “Mmoja ana goti bovu. Weka kigoda cha kupandia garini.”

“Sawa, shemeji.”

Mwaka mzima walikuwa wakizungumza hivyo. Kobe alikuwa rafiki mkubwa wa mumewe, na jina hilo alipewa kwa mwendo wake, maana hakupenda kuwatimulia wanyama vumbi. Zamani jina hilo lilimchekesha Dada Mabegi. Kisha mpishi akazidiwa na homa kule kambini, Kobe akampakia garini kumwahisha uwanjani, na walipofika ndege ilikuwa imeshaondoka. Mpishi alikata roho kwenye benchi la abiria, wakisubiri nyingine.

Msibani Dada Mabegi alimuuliza Kobe swali moja.

“Kwa nini mlichelewa?”

Kobe alitazama viatu vyake.

“Nilichelewa mimi, shemeji. Nisamehe.”

Dada Mabegi hakulia. Alienda jikoni kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

*

Jioni hiyo alimkuta mama mkwe wake sebuleni, amekaa juu ya sanduku la bati.

“Nimempigia meneja wenu,” alisema mama. “Ametupa nafasi mbili kwenye ndege ya wiki ijayo. Nataka nione mahali mwanangu alipokuwa akipika.”

“Mama, kule watu hawaendi hivi hivi tu.”

“Basi niandae. Si ndiyo kazi yako?”

Dada Mabegi akashusha pumzi, akaanza na lililo mbele yake.

“Sanduku hilo haliendi. Halikunjiki.”

“Hata mimi sikunjiki, mbona mimi napanda?”

“Dawa ya presha weka kwenye mkoba wa mkononi. Viatu vya kufunika vidole. Leso hii nyeusi acha.”

“Na wewe hilo gauni?”

“Mimi navaa hili hili.”

“Wageni unawakataza.”

“Mimi si mgeni, mama.”

Mama akaanza kuhamisha nguo zake kwenye mfuko wa turubai.

“Kobe atatupokea,” alisema bila kugeuka. “Yule hapitishi wiki bila kuniuliza kama dawa ipo. Na kila akimaliza ananiuliza kama wewe unakula.”

“Alimchelewesha mwanao.”

“Ndivyo anavyosema. Lakini mimi ndiye niliyemlea mwanangu. Kama kuna mtu aliyejua kuchelewesha watu, ni yeye. Siku ya harusi yenu tulimsubiri wote akitafuta soksi.”

Dada Mabegi alikunja sweta, akalikunjua, akalikunja tena.

*

Ndege ilitua kwenye uwanja wa udongo. Palikuwa na mizani, kibanda na benchi. Alilitambua benchi kabla ya kuambiwa. Alisubiri kitu kimpande kifuani, hakikupanda. Aliona tu kwamba ubao mmoja ulikuwa umelegea.

“Dada, sauti yako nimeisikia ndani ya ndege. Si wewe uliyenipigia?”

Alikuwa yule mgeni mwenye sauti ya haraka, nguo zake zote rangi ya udongo, simu ameinyanyua juu ya kichwa.

“Ulisema hapa kuna mtandao. Mbona hakuna kitu?”

Dada Mabegi akatoa yake. Hakuna kitu.

“Labda leo umekatika,” alisema.

“Hapa?” Mpima mizigo alicheka. “Dada yangu, hapa haujawahi kufika. Mtandao uko kilimani, nusu ya njia ya kwenda kambini.”

“Karatasi yetu inasema uwanjani.”

“Aliyeiandika hajawahi kutua hapa.”

Dada Mabegi alibaki ameishika simu. Siku ile ya kifo alikuta simu za mumewe ambazo hazikupokelewa, zimepangana. Alipopiga yeye, hakupatikana. Mwaka mzima alikuwa akimwona mawazoni hapa, kwenye benchi hili, ameachwa na ndege, akimpigia. Sasa benchi lilikuwa mbele yake, na hapa asingeweza kumpigia mtu yeyote.

Kobe alisogea, kofia mkononi. Alikuwa amekonda.

“Karibuni. Mama, shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Shemeji, pole na safari.”

“Asante.”

Wageni walipakiwa kwenye gari la kwanza. Mama akapanda nyuma ya la pili. Dada Mabegi akakaa mbele. Njia nzima mbung'o walimwandama mabegani na magotini, naye hakuwafukuza. Gari lilipokwea kilima, simu zote zikaanza kulia kwa pamoja.

“Simama,” alisema.

Kobe akasimama.

“Mlisimama hapa.”

Kobe aliushika usukani kama gari bado linakwenda.

“Shemeji, yale yamepita.”

“Mlisimama hapa, ndiyo maana mkachelewa. Niambie mwenyewe.”

Nyuma, mama aliacha kujipepea.

“Yeye ndiye aliyeomba,” alisema Kobe. “Alisema anataka akusikie kabla ya kupanda ndege. Akapiga, simu yako ikaita tu, hukupokea. Nikamwambia twende, tutakuja kumpigia. Akasema hapana, subiri kidogo. Akapiga tena. Akacheka, akaniambia, ‘Anamweleza mtu habari za mabegi huyo, na akianza hamalizi leo.’ Akapiga tena. Ndege ilipita juu yetu tukiwa hapa.”

Upepo ulikuwa ukipiga turubai la gari.

“Nilikuwa na mgeni,” alisema Dada Mabegi. “Alikuwa na mabegi magumu matatu. Hakutaka kuelewa.”

“Najua.”

“Kwa nini ulisema ni wewe?”

“Ningekwambia nini? Kwamba alikosa ndege akikusubiri umalize kazi? Wewe unaishi kwa kupiga simu, shemeji. Ungeishikaje tena?”

“Kwa hiyo ukaona bora nikuchukie.”

“Mimi naendesha gari. Naweza kuendesha hata nikiwa nimechukiwa.”

Mama mkwe alipenga kamasi kwa kanga yake.

“Soksi,” alisema. “Nilijua. Nilijua kabisa ni yeye.”

Dada Mabegi alipiga simu ofisini. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku.

“Ni mimi. Rekebisha karatasi. Uwanjani hakuna mtandao. Wageni waambiwe wawapigie watu wao kabla ya kupanda ndege. Na mimi nikiwa na mgeni, simu ya nyumbani ikiita, mgeni asubiri.”

Akakata. Kisha machozi yakaanza, bila kelele, na akayaacha yashuke.

Kobe hakumgusa. Alichukua koti lake la rangi ya udongo kutoka nyuma ya kiti, akamwekea magotini.

“Funika hilo jeusi. Watakumaliza.”

Dada Mabegi alilivaa koti. Akafungua ule ujumbe wa Kobe wa wiki iliyopita, akaandika chini yake, akatuma. Simu iliyokuwa juu ya dashibodi ikalia. Kobe akaichukua.

“Nitakujibu. Uliza. Ila usiniite shemeji.”

Aliusoma, akausoma tena.

“Mmekaa viti vya jirani, mnatumiana ujumbe?” alisema mama, akichungulia kutoka nyuma. “Muulize, baba. Leo hakuna ndege ya kuwahi.”

Kobe akazima injini.