Mluzi Aliouacha Nasieku

Saa tatu asubuhi jike-mashine, farasi bandia wa kukusanyia mbegu, liliamka. Ngozi yake ya mpira ilipata joto, mbavu zikaanza kupanda na kushuka, na shingoni mwake ukatoka mluzi: mmoja mrefu, miwili mifupi. Farasi dume, Mkasi, akaja mbio. Dakika nne baadaye mbegu yake ilikuwa imegawanywa katika mirija mia tatu ya kugandishwa, tayari kwa matajiri wa mabara matano, naye amesimama pembeni, kichwa chini.

Nasieku, aliyekuwa akitazama kupitia kioo, akasonya.

Alikuwa amempanda farasi huyu miaka minane. Mara tano walikuwa mabingwa wa kutenga katika Laikipia nzima: Mkasi anaingia kundini, anamtoa ng'ombe mmoja na kumzuia asirudi, hatamu zimelegea, mpandaji hana kazi ila kushikilia tandiko. Kampuni ya kuuza mbegu ilimnunua ikisema kipaji kimo damuni. Upuuzi mtupu! Kipaji alikipata zizini kwa baba yake Nasieku, alikolelewa yatima katikati ya ndama, akifunzwa kwa mluzi ambao mzee aliutumia kutenga ng'ombe wa kukamua.

Mluzi huo huo. Mkasi alipolikataa jike-mashine wiki nzima, Nasieku ndiye aliyeombwa aurekodi. Akakubali, akidhani anamsaidia.

"Dada Nasieku," alisema Injinia Mutheu, aliyelibuni jike lile, "nimekupigania mpaka basi. Wakubwa wamekubali jambo moja. Akitenga ndama mmoja leo, kuonyesha bado anaiweza kazi yake ya zamani, atastaafu kwako. Akishindwa, abaki."

"Na siku akilichoka hilo dude lenu?"

Mutheu alitazama chini. "Dume lisilotoa mbegu halilishwi hapa. Unajua."

Malishoni, nusu kilomita kutoka maabara, ndama kumi na wawili walikuwa wakingoja. Nasieku alipompanda Mkasi, moyo ulimwenda mbio kama wa msichana. Akamwelekeza kwa magoti. Mkasi akaingia kundini taratibu, masikio yamesimama, na ndama mwekundu akachomoka pembeni. Farasi akainama mbele, miguu imetanuka, vilevile kama zamani.

"Ndiyo, baba," Nasieku alimnong'oneza farasi, machozi yakimlenga. "Ndiyo."

Ndama akakimbilia kushoto. Mkasi akasita. Hatua moja tu, lakini ndama alikuwa keshaona upenyo. Nasieku hakufikiri. Alitia vidole mdomoni, akapiga mluzi wa baba yake.

Mkasi akageuka. Akampa ndama mgongo na kukimbia moja kwa moja hadi maabara, Nasieku akivuta hatamu na kumwita jina bure. Akasimama mbele ya mlango uliofungwa, akaanza kuugonga kwa kwato.

Nasieku alishuka, akakiegemeza kipaji cha uso kwenye shingo yenye jasho. Mpumbavu mimi, alijiambia. Ni mimi niliyemuuza nilipourekodi mluzi huu, wala si wao.

Mutheu alifika akihema. "Pole, dada." Kisha, kwa aibu: "Rekodi imeanza kukwaruza. Asubuhi zingine Mkasi haji, na asipokuja hatalishwa. Ungetupigia upya..."

Nasieku akachukua kinasa sauti mkononi mwa Mutheu, akafuta midomo kwa kiganja, na kupiga: mmoja mrefu, miwili mifupi. Aliupiga vizuri, bila kukosea.

Nyuma yake Mkasi aliugonga mlango kwa nguvu zaidi.