Bolti Nne za Mwalimu

Mtaa mzima ulimwita Fundi, naye aliitika kwa raha zote. Cherehani yake ilikaa barazani. Sare za shule, mapazia, magauni ya harusi, vyote vilipita mikononi mwake. Mteja akisema, "Fundi, hapa pananibana," alimzungusha mara moja tu, akaona kosa kabla hajashika futi.

Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu. Mtu mwema, mcheshi, msomi. Ila mikono yake, jamani! Kutundika kalenda ukutani tu kulimtoa jasho. Lakini usithubutu kumwambia.

Jumatano moja wawili hao walikuwa chumbani wakitandika shuka mpya. Mama yake Mwalimu alikuwa amepasuliwa nyonga, na Jumamosi angetoka hospitali. Muuguzi aliwaeleza vizuri: "Asilale chini. Kitanda kisiwe kinayumba. Ajifunze kuinuka mwenyewe, ndiyo dawa yake. Akianguka, tunaanza upya."

Mama mkwe mwenyewe alikuwa hataki. "Nipelekeni kwangu," alisema kwenye simu. "Sitaki kuwa mzigo wa mtu."

"Mama, hapa ni kwako," Fundi alimjibu. "Utalala kitanda chetu. Na utatoka hapa ukitembea mwenyewe, nakuahidi."

Basi Mwalimu akaketi kitandani avishe mto foronya. Mara, kra! Kitanda kikazama katikati. Mwalimu akajikuta amekaa shimoni, magoti yamemfika kidevuni.

Fundi alitaka kucheka, lakini kicheko kilimkauka. Siku tatu zimebaki, na ahadi ametoa kwa mdomo wake mwenyewe.

Mwalimu alijinasua, akatoka, akarudi na nyundo na misumari ya inchi nne. "Leo hiki kitanitambua," alisema.

"Hodi! Kuna usalama humo?"

Alikuwa jirani yao, aliyejulikana mtaani kwa jina la Mama Spana. Alifanya kazi kwenye duka la samani. Kazi yake ilikuwa kwenda majumbani kufunga vitanda na makabati yanayouzwa vipande vipande ndani ya maboksi. Kitanda hiki nacho kilikuja hivyo miaka miwili iliyopita. Duka lilitaka kuleta mtu wa kukifunga, Mwalimu akakataa katakata. Alisema ana digrii.

"Mwalimu, weka nyundo chini," alisema Mama Spana. "Tena iweke mbali."

"Dada, nataka kukikomesha tu."

"Utakikomesha kweli! Hii si mbao ya gogo. Ni maranda yaliyogandamizwa kwa gundi. Ukiipiga msumari inapasuka, na ubao uliopasuka ni wa kutupa. Halafu siku mkihama utakifunguaje?"

Wakaondoa godoro na chaga, zile mbao nyembamba zinazobeba godoro. Mama Spana akalala chali sakafuni, akamulika kwa tochi ya simu. Akapapasa kona moja baada ya nyingine.

"Nani alifunga kitanda hiki?"

"Mimi," alisema Mwalimu na kujipiga kifua.

"Kila kona inataka bolti mbili. Hapa naona moja moja. Kona ni nne. Zinapungua ngapi?"

Mwalimu wa hesabu akatazama dari. "Nne," alisema kwa sauti ya chini.

"Ziko wapi?"

"Zilibaki. Nilidhani ni za akiba, nikazitupa."

"Makubwa! Na mguu wa boriti ya katikati? Mguu mfupi, mweusi, una skrubu juu."

Fundi akageuka polepole. Akatazama mlango wa jikoni. Mlango ulikuwa wazi, umezuiwa kwa kitu kifupi, cheusi, chenye skrubu juu.

"Mwalimu!" alisema. "Si uliniambia ni zawadi ya duka?"

Mama Spana alicheka hadi akashika mbavu. Fundi naye akaangua kicheko. Mwalimu alinuna kidogo, kisha naye akashindwa kujizuia.

"Sasa tazameni," alisema Mama Spana akifuta machozi. "Boriti hii inabeba chaga zote. Bila mguu wake imekuwa ikining'inia miaka miwili. Mkilala, inakivuta hiki kipande cha chuma cha mwishoni. Leo chuma kimepinda na kung'oka na skrubu zake. Na kona zimelegea kwa sababu bolti ni pungufu. Ila mbao zote ni nzima. Kitanda hakijafa. Kinataka spea."

"Kitanda kina spea?" aliuliza Fundi.

"Kinazo, kama gari. Tazama nyuma ya ubao wa kichwani. Kuna kibandiko chenye namba. Inakili. Usiende dukani ukasema unataka bolti za kitanda. Bolti zina urefu tofauti. Ndefu inatoboa, fupi haishiki. Nenda na namba, na bolti moja ya mfano."

"Kama zipu," alisema Fundi. "Mteja akiniletea zipu ya zamani, sikosei."

"Umenielewa. Mimi kesho nina kazi ya mbali hadi Jumapili. Kitanda utakifunga wewe."

"Mimi?" Roho ilimruka. "Mama Spana, mimi ni wa uzi na sindano!"

"Mikono inayokata suti itashindwa na bolti? Acha utani. Tutakifungua chote, kisha utakifunga upya. Kabla hujafungua, tia alama, ili ujue kipi kinarudi wapi."

Fundi akapiga moyo konde. Akachukua chaki yake ya kitambaa. Kwenye kiungo cha kwanza akachora mstari mmoja pande zote mbili. Cha pili, mistari miwili. Cha tatu, msalaba. Cha nne, duara. Ndivyo alivyotia alama mikono ya koti ili wa kulia usishonwe kushoto.

Mama Spana alisimama akamtazama. "Hiyo hata sisi kazini hatufanyi," alisema. "Nimejifunza."

Moyoni Fundi alijisikia vizuri sana.

Wakakifungua kitanda, kisha wakashughulikia matundu ya skrubu zilizong'oka. Yalikuwa yametanuka, skrubu zilicheza ndani. Mama Spana alimwonyesha namna ya kuyajaza: vijiti vya meno vilivyopakwa gundi ya mbao, vibane barabara, viachwe vikauke siku nzima. Kisha vikatwe sawa na ubao, na skrubu irudishwe taratibu.

Alhamisi Mwalimu alikwenda dukani na namba yake mkononi, mpole. Spea hazikuwepo. Waliahidi kuzileta kesho yake. Usiku ule Fundi hakupata usingizi. Ijumaa saa kumi jioni Mwalimu akarudi na bolti nne, nati zake, kipande kipya cha chuma, na nakala ya karatasi ya maelekezo.

"Shika ubao hapo," alisema Fundi. "Usikaze!"

"Kwa nini nisikaze?"

"Kwanza tunashikiza zote. Ukikaza ya kwanza hadi mwisho, ya nane haitaingia. Hata suruali siishoni moja kwa moja."

Bolti nane zikaingia, zote zikiwa legelege. Fundi akachukua futi yake, akapima kutoka kona hadi kona, akakatiza katikati. Upande mmoja ulizidi kwa sentimita mbili.

"Kimepinda," alisema.

Mwalimu akaruka. "Hii naijua! Kona kwa kona zikilingana, umbo limenyooka! Sukuma upande mrefu!"

"Haya, mwenye digrii, sukuma."

Walisukuma kidogo, wakapima, wakasukuma tena. Vipimo vikalingana. Hapo ndipo Fundi alipokaza, kona hii kidogo, kona ile kidogo, kwa ufunguo mdogo wa bolti, uliopinda, uliokuja na kitanda. Bolti ikigoma, aliacha. Hakutumia nguvu. Kisha akakifunga kile chuma kipya kwenye matundu yaliyojazwa, akaweka boriti. Mwisho akafunga mguu wa katikati, akauzungusha hadi ukagusa sakafu bila kuinua boriti.

Wakapanga chaga, wakarudisha godoro, wakaketi wote wawili kwa kishindo. Kitanda hakikutoa hata mlio.

"Mke wangu," alisema Mwalimu, "wewe ni mtu na nusu."

Jumamosi mama mkwe aliletwa akiwa na fimbo yake. Aliketi kitandani kwa wasiwasi, akatikisa huku, akatikisa kule. "Hiki si kile kilichokuwa kinapiga kelele?" aliuliza. "Nani amekitengeneza?"

Mwalimu alifungua mdomo. Akamtazama mkewe. "Yeye, mama. Mimi nilikuwa msaidizi."

Asubuhi yake Fundi aliamka mapema akamsaidie kuinuka. Akafungua mlango, akasimama palepale. Shuka zilikuwa zimetandikwa. Mama mkwe alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye ubao wa kichwani.

"Usije kunishika," alisema mama mkwe. "Nimeamka mwenyewe. Nimeushika huu ubao kwa nguvu zangu zote, haukutikisika." Macho yao wote wawili yalijaa machozi, na hakuna aliyeyaficha.

Baada ya wiki mbili Fundi alikaza bolti zote upya, kama Mama Spana alivyomshauri, kwa kuwa mbao zilizofungwa upya hutulia na bolti hulegea. Tangu hapo alizikagua kila baada ya miezi mitatu. Alifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, maana maji huvimbisha maranda. Kitanda kikihamishwa, walikinyanyua watu wawili, hawakukiburuta. Majirani nao wakaanza kumwita wakiwa na vitanda vinavyolia, naye alikwenda na futi shingoni na chaki mfukoni.

Mwezi wa tatu tangu aje, mama mkwe akafunga mizigo yake. Alitoka chumbani, akavuka sebule, akashuka ngazi mbili za baraza. Fimbo aliibeba kwapani. Majirani walipiga makofi. Fundi alisimama mlangoni, kifua mbele.

Mama mkwe akafika njiani, akageuka.

"Mbona umesimama? Chukua ufunguo wako twende, Fundi. Kitanda changu kina miaka sita kinalia." Akamwonyesha Mwalimu kwa ile fimbo. "Na huyu ndiye aliyekifunga."