Kilio Chini ya Fidla

Faili ile ilikuwa na urefu wa sekunde arobaini na moja. Mtunzi wa muziki wa filamu alikuwa ameipima mwenyewe, akaandika urefu wake daftarini, na tangu siku hiyo hakuigusa. Jumatatu aliifungua akakuta arobaini na nne. Jumanne, arobaini na saba.

“Mashine imezeeka,” alijiambia, akapima upya kwa saa ya mkononi. Arobaini na saba.

Ilikuwa sauti ya mwanamke anayelia, iliyopunguzwa kasi nusu na kulazwa chini ya fidla, pale kwenye filamu ambapo mama anamzika mwanawe. Kabla ya muziki kuwekwa, watazamaji wa majaribio walipiga miayo. Walimwona mwigizaji akiyatafuta machozi. Muziki ulipoingia, picha ileile, uso uleule, waliona mama. Hakuna aliyejua kwamba kilio kile kilikuwa cha kweli. Kilikuwa cha dada yake mtunzi, fundi cherehani, aliyefiwa na bintiye wa pekee miezi mitano iliyopita. Mtunzi alikuwa amemrekodi kwa siri.

“Fundi, umetumaliza!” mwongozaji wa filamu alimwambia mtunzi kwenye simu, akicheka. “Jana jibaba la mabega limetoka ukumbini linapenga kamasi kwenye tai. Umetia nini humo?”

“Fidla tu.”

“Fidla gani hiyo! Haya, endelea kuficha.”

Masikio ya mtunzi yaliwaka kwa aibu.

Filamu ilionyeshwa mara moja kwa siku, saa kumi alasiri. Kila onyesho liliongeza sekunde tatu. Na kila siku, saa kumi hiyohiyo, dada yake, aliyeishi naye nyumba moja, alikatika sauti: kwanza kwa dakika chache, baadaye hadi jua kuzama. Kufikia wiki ya pili alikuwa akinong’ona kutwa, na wateja wakamshauri anywe maji ya moto.

Siku ya kumi na nne faili ilitimiza sekunde themanini na tatu. Alasiri hiyo spika za studio, ambazo mtunzi alikuwa amezichomoa waya kwa mikono yake, zilianza kupumua, taratibu kama mtu anayesubiri zamu yake ya kusema, kisha harufu ya udongo uliofukuliwa ikajaa chumba, na kilio kikatoka bila fidla, kikavuka pale alipokuwa amekikata, kikaendelea mahali ambapo dada yake hakuwahi kufika, hadi kikageuka kicheko, na ndani ya kicheko hicho sauti ya dada yake, nzima kama zamani, ikamwita: “Kaka, nizidishie.”

Asubuhi alimleta mganga, mama mfupi mwenye miwani mizito. Mganga alinusa spika, akauliza kwa sauti ya chini:

“Nani amempa jini sauti ya kuvaa?”

Mtunzi aliinama kuzikusanya nyaya za spika.

“Nakuuliza wewe, mwanangu. Huyu hakuvunja mlango.”

“Mimi.”

“Mwenyewe anajua?”

“Hajui.”

“Basi mwambie mbele yangu, kisha uifute, hapa na kule ukumbini. Ikipita saa kumi ya leo, sauti yake hairudi.”

Mwongozaji alipigiwa simu. Alifoka, akatukana, akakubali kuutoa muziki. Dada akaitwa, akaja na futi ya kupimia shingoni.

“Kile kilio cha kwenye filamu ni chako,” mtunzi alisema, macho sakafuni. “Siku ya tatu ya msiba, ulipokuwa chumbani peke yako. Nilisimama mlangoni na kinasa sauti.”

“Nililia kwa muda gani?” dada alinong’ona.

“Saa nzima na dakika kumi. Nilichukua sehemu iliyokuwa safi.”

“Na muda wote huo ulikuwa hapo nje?”

“Nilikuwepo.”

“Mlango haukufungwa kwa ufunguo, Kaka.”

Mtunzi aliigeukia kompyuta. Alibonyeza, faili ikafutika. Spika zilipiga ukelele mmoja uliotikisa vioo, harufu ya udongo ikavutwa nje kama pazia, na mganga akasema, “Ametoka.”

Ndipo dada alipolia, kwa sauti yake kamili. Mtunzi aliinuka, akamwendea akiwa amenyoosha mikono.

“Usinisogelee,” dada alimwambia. “Kasimame mlangoni, kama siku ile.”

Akaenda, akasimama.