Mmea Uliomfukuza Baba

Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa na kazi moja: kumwagilia mimea miwili ya vyunguni kwenye dirisha la jikoni. Mmoja ulikuwa mti wa mpira wenye majani mapana. Mwingine ulikuwa wa Mama, wa kutambaa, ambao alikuwa nao tangu usichana wake. Baba hakuwepo tangu Novemba. Mama aliniambia yuko mji wa Minsk kikazi, nami nilimwamini. Kila jioni nilikaa nyuma ya mlango, nikisikiliza kama ni yeye anayepanda ngazi.

Siku moja jirani yetu, Bibi Yadviga, alikuja kunywa chai. Akautazama ule wa kutambaa, akaguna.

"Taisa mwanangu," akamwambia Mama, "mmea huu hufukuza wanaume! Mji mzima wa Hrodna unajua. Penye mume huwekwa mti wa mpira. Chagua mmoja, mwingine utupe."

"Bibi nawe!" Mama alicheka. "Mbona kwako una mti wa mpira na mume hayupo?"

"Wangu alikufa. Hakutoroka."

Mama aliacha kucheka. Hapo nikajua kwamba Baba hakwenda kikazi, alikuwa ametutoroka.

Jumamosi Mama alipokwenda sokoni, nilichagua mimi. Niliubeba mmea wake hadi kwenye roshani, kwenye theluji na baridi kali. Baada ya saa mbili majani yalikuwa meusi, yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Nikaurudisha dirishani.

"Ulyana, umepatwa na nini huu?" Mama aliuliza aliporudi.

"Sijui. Labda umeugua."

Alikaa na chungu mapajani, akalia kimya kimya. Nilimwonea huruma, lakini nilijiambia kwamba Baba akirudi atasahau.

Kesho yake Baba alikuja kweli. Nilimkimbilia mlangoni.

"Baba, nimeuondoa! Sasa unaweza kurudi!"

"Umeondoa nini, Ulya?"

"Mmea unaofukuza wanaume. Nimeugandisha kwenye baridi."

Baba alimtazama Mama, kisha akatazama chini. Alinibusu utosini, akachukua viatu vyake vya baridi alivyokuwa amefuata, akaondoka.

Nililia hadi nikashikwa na kwikwi. "Nisamehe, Mama. Niliuua mimi, halafu nikakudanganya."

Mama alinikalisha karibu naye. "Umenikosea, na mmea ule niliupenda sana. Lakini uongo niliuanza mimi. Baba hayuko Minsk. Yuko mtaa wa pili, ana nyumba nyingine. Ningekwambia kweli mapema, usingeutesa mmea wala moyo wako. Hakufukuzwa na mmea, Ulya. Hakufukuzwa na wewe pia. Kuanzia leo humu ndani tutaambiana ukweli, hata ukiuma."

"Basi hatarudi?"

Alivuta pumzi. "Hatarudi, mwanangu."

Iliniuma kuliko kitu chochote nilichowahi kusikia. Lakini tangu siku ile sikukaa tena nyuma ya mlango, nikisikiliza hatua za watu wanaopanda ngazi.