Aliyekoka Moto

Kwaru... kwaru. Kibiriti kilikwaruza gizani, kisha kikawaka. Mama alikuwa akiwasha seredani, jiko lao la mkaa, nyumbani kwao Kikwajuni, mjini Unguja.

"Ghaliya, amka! Nshateleka chai."

"Naam, mama."

Asubuhi hiyo darasa la sita walianza na Kiingereza. Mwalimu Fathiya aliandika ubaoni neno "kindle", akauliza maana yake. Bashira, mgeni kutoka kisiwa cha Tumbatu aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake, akanyoosha mkono.

"Kukoka moto, mwalimu."

"Koka?" Ghaliya akacheka. "Sisi tunasema kuwasha! Hiyo koka-kola ya shamba!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu alisema Bashira kapatia, kukoka ni kupanga kuni na kuanzisha moto. Nani alimsikia?

"Koka, njoo upulize!" Hamed wa darasa lao alimwita wakati wa mapumziko. Siku ya pili kila alipopita walimpulizia usoni: fuu! fuu! Siku ya tatu mtu aliandika KOKA kwa mkaa mgongoni, kwenye mtandio wake mweupe. Bashira akatembea nao hivyo hadi nyumbani, njia nzima watu wakimtazama. Ghaliya aliuona ule mkaa. Akanyamaza.

Jumatatu Bashira alikuja bila ya sare, kashikwa mkono na shangazi yake, Bi Biasha.

"Nimekuja kumtoa, mwalimu. Anarudi Tumbatu. Hali, halali, analia tu."

Mwalimu Fathiya akaliandika tena ubaoni lile neno la Kiingereza.

"Lina maana ya pili," alisema. "Ni kuwasha hasira au chuki ndani ya watu. Hamkushika kibiriti, lakini mwenzenu kaungua. Nani aliukoka moto huu?"

Hamed akainama. Ghaliya alijua akinyamaza, Bashira ataondoka moja kwa moja. Akasimama.

"Nilianza mimi, mwalimu. Na mkaa niliuona." Akageuka. "Nisamehe, Koka..."

Neno lilimponyoka. Nyuma mtu akacheka.

"Mmesikia?" mwalimu akasema. "Kuukoka kulitaka neno moja tu. Kuuzima ni kazi ya kila siku, na mtaifanya nyote. Jina la mtu si mchezo. Bi Biasha, nipe wiki moja."

Bi Biasha akamwinamia mtoto. "Wewe wasemaje, mwanangu?"

Bashira akauachia mkono wa shangazi yake. Akaenda hadi kwenye dawati lake, akawatazama wote, akasema kwa sauti:

"Jina langu ni Bashira."